Ukuta Usiovuja

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya mlima, Nakijwa hupanda mpaka kwenye ndiva akiwa na baragumu kwapani. Huegemeza sehemu pana ya pembe ile kwenye ukuta, akalegeza upande wa kulia wa midomo yake, akapuliza vibaya. Kupuliza vizuri anajua, ila kupuliza vizuri hakumfungulii mtu maji.

Sauti mbili fupi. Kisha moja ndefu, inayokwenda sawasawa mpaka karibu na mwisho, halafu inapasuka na kutoa upepo mtupu, fyuu, sauti ya mwanamume aliyeng'oka jino la mbele akakataa kuwekewa la bandia. Asubuhi ile ukuta ulisikiliza kama kawaida yake. Pale chini, mlangoni, udongo ulilainika, ukajikunja pembeni bila haraka, na maji yaliyokusanywa usiku kucha yakaanza kuteremka mferejini kwenda mashambani.

“Haya, Baba Ombeni,” Nakijwa alisema, akiupigapiga ukuta kwa kiganja. “Tumekusikia.”

Mzee Mrutu, kaka mkubwa wa marehemu mume wake na mwenyekiti wa kamati ya ndiva, alikuwa ameketi juu ya jiwe lake, amejifunika koti la mvua, ingawa mvua yenyewe ilikuwa haijaonekana Kwamrindo tangu mwaka juzi.

“Leo umemkosa kidogo pale mwishoni, shemeji,” alisema.

“Kifua hiki. Baridi imenikaa.”

“Yeye hakuwa na baridi. Yeye alikuwa na pengo.”

Walicheka wote wawili. Halafu Mrutu akatazama maji, akaandika vipimo kwenye simu yake, akajidai ndivyo vilivyomleta.

Ukiwauliza vijana wa Kwamrindo ndiva ni nini, watakuambia ni bwawa lenye ukuta unaosikia. Nyingine hawaijui. Lakini Nakijwa alizaliwa wakati ndiva ilikuwa bwawa tu, lililochimbwa na mababu ubavuni mwa milima ya Upare ili kijito chembamba kilijaze usiku, watu wakiwa wamelala, na mchana wamwagilie kwa zamu. Ukuta ulikuwa wa udongo na mawe na vigogo vya migomba, na ulivuja. Kila msimu baragumu lililia kuita msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu na jembe lake, na kila ukoo ukaziba kipande chake. Kipande cha kina Senkondo kilikuwa cha chini kabisa, kwenye kona inayotazama tambarare, na Senkondo mwenyewe ndiye aliyekiziba.

Hapo ndipo palipokuwa na kioja. Senkondo alikuwa amesomea udongo. Cheti chake cha udongo kilining'inia kwenye fremu sebuleni kwa mama yake, na kipande chake ndicho kilichovuja kuliko vyote. Njia inayopita chini ya kona ilikuwa tope mwaka mzima, kiangazi na masika. Magimbi yaliota pale bila kupandwa, na majani yake mapana watoto waliyafanya miavuli. Kila aliyepita na mzigo aliteleza, na kila aliyeteleza aliinua uso akapiga kelele maneno yaleyale: “Senkondo, ukazibwe wewe!” Naye popote alipokuwa, hata kama yuko juu ya mparachichi anachuma, alijibu kwa furaha: “Kesho nitaziba!”

Hiyo kesho haikufika hata mara moja.

Nakijwa naye alikaa kitako kwenye tope lile, msichana mwenye kapu la maharage ya kuuza, akamtukana Senkondo mpaka sauti ikamkauka. Kijana alishuka mbio, akaokota maharage yote, akayaosha palepale kwenye maji yanayovuja, huku akijisifu kwamba si kila barabara ina maji ya kuoshea karibu namna hiyo. Mwaka uliofuata wakaoana. Utani haukwisha, bali uliongezeka, maana sasa ulikuwa unaishi ndani ya nyumba. “Wenzangu wameolewa na walimu, wameolewa na madereva,” Nakijwa alipenda kusema mbele ya wageni. “Mimi nimeolewa na tope.” Wageni waliangua kicheko, na Senkondo alicheka pamoja nao. Siku moja hakucheka. Alisema amechoka, akaenda kulala mapema.

Baadaye, katika mwaka wa kiangazi kibaya, alirudi kutoka maabara alikokuwa anafanya kazi na ndoo ya udongo wa kijivu, ameipakata mapajani safari nzima. Ndani yake mlikuwa na vijidudu alivyovifuga mwenyewe. Vikihisi maji yanapita yasipotakiwa, vinafuma nyuzi, vinavuta chembe za udongo, na ufa unajifunga kabla hujakumbuka jembe umeliacha wapi. Chakula chake ni uji mwepesi wa mtama, mara moja kwa wiki. Udongo ule ulikula, ukaenea ukuta wote, ukashuka mferejini mpaka mashambani, ukawa mwili mmoja. Na kwa kuwa wakati wa kula hushika chochote unachokisikia, siku ya kwanza Senkondo aliupulizia baragumu lake, ili ujue saa ya kufungua mlango. Tangu hapo siku ya kulisha hakuna anayethubutu hata kukohoa. Akina mama huwaziba watoto midomo kwa viganja, na mbwa hufungiwa majumbani.

“Sasa nani kaolewa na tope?” Senkondo alimuuliza mkewe, akipita kwenye njia iliyokauka na viatu vyake vya kanisani.

Magimbi yalikufa mwaka huohuo. Hakuna aliyeyalilia, kwa sababu maji yaliyokuwa yakipotea yalikuwa sasa yanafika shambani, na Kwamrindo ikapanda tangawizi, na tangawizi ikajenga zahanati. Senkondo alipofariki, mlango uligoma kufunguka. Walipuliza wazee, akapuliza mpiga tarumbeta wa kanisani, wakaweka simu yenye sauti yake aliyorekodiwa harusini, lakini udongo haukutaka simu, ulitaka pumzi. Maharage yalikwisha kuanza kunyauka siku Nakijwa alipoichukua ile pembe, huku analia, akapuliza kama alivyomsikia miaka yote, na pengo lake ndani. Mlango ukafunguka. Ndivyo alivyokuwa mpiga baragumu wa Kwamrindo, na ndivyo kila asubuhi anavyokuwa tena mke wa mtu kwa muda mfupi.

*

Namnyaki alifika kabla ya adhuhuri kwa pikipiki ya umeme iliyojaa vumbi mpaka kwenye vioo. Alikuwa mfugaji wa mbuzi kutoka Mikongea, kule chini tambarare, na wanawake wa huko walikuwa wamemchagua awasemee habari za maji. Nakijwa alimkaribisha kibarazani, akampa maji kikombe kimoja. Mgeni alikunywa yote, akaomba tone jingine, akalizungusha kikombeni kukisuuza, akalinywa nalo.

“Kamati yenu ilitukatalia jana, mama,” alisema. “Sikuja kulalamika. Nimekuja kwako kwa sababu wanasema ukuta unakusikia wewe peke yako.”

“Unamsikia mume wangu. Mimi namwigiza tu.”

“Basi wewe nisikilize.”

Akaeleza. Mikongea walikuwa na chemchemi, na chemchemi ilikauka mwaka uliofuata baada ya ukuta wa Kwamrindo kuacha kuvuja. Miaka yote walidhani ni kiangazi. Miezi michache iliyopita wapimaji walipita na mtambo wa kusikiliza chini ya ardhi, wakaifuata njia ya zamani ya maji, hatua kwa hatua, mpaka ikawatoa kwenye kona ya ndiva. Sasa wanasubiri droni ziwashushie viroba vya maji, na zikichelewa, wanasubiri tena. Msimu huu familia nyingi zimeshafunga mizigo.

“Sisi tulizijua siku zenu za msaragambo bila kualikwa,” Namnyaki alisema. “Mkishaziba, chemchemi inapungua. Baada ya wiki chache inarudi. Mama yangu alikuwa akipiga magoti anaomba Mungu awape watu wa mlimani uvivu.”

“Uvivu?” Nakijwa aliuliza.

“Na aliwapa, mama. Tumekunywa uvivu wenu tangu enzi za bibi yangu.”

Ingependeza kusema kwamba Senkondo aliacha ule ufa kwa hekima, kwamba alikuwa akiwafikiria watu wa chini. Hakuwafikiria. Aliuacha kwa sababu kuziba kulimchosha na kivuli cha mparachichi kilikuwa karibu. Nakijwa alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alijua pia kwa nini mwishowe aliuziba, na ni nani aliyemchoma kwa maneno mpaka akauziba, na hilo ndilo lililomfanya ashindwe kumtazama mgeni usoni.

“Tukiwafungulia mfereji?” aliuliza.

“Yakija juu ya ardhi, jua linayamaliza kabla hayajafika kwenye mashamba ya mkonge. Yale ya zamani yalipita chini kwa chini.”

“Bomba je?”

“Vijana wenu wawili walitusaidia kulichomeka, mwezi uliopita. Ukuta ulilimeza tunauangalia.”

Kuku walikuwa wakichakura kwenye majani makavu chini ya mpapai.

“Iko njia moja,” Nakijwa alisema. “Mume wangu alinieleza mwenyewe, akiwa anaumwa. Uulishe, na wakati unakula uupulizie pumzi moja iliyonyooka, isiyopanda wala kushuka. Unasahau kila kitu. Kuziba, kufungua, kila kitu. Unabaki udongo.”

“Kile kipande cha kona tu?”

“Ni mwili mmoja, mwanangu. Hausahau nusu.”

Namnyaki aliuelewa uso ule kabla ya maneno. “Na mlio wake?”

Nakijwa alikichukua kikombe kitupu, akaenda nacho ndani, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuweka kikombe.

*

“Hapana,” alisema Mzee Mrutu. “Hapana, hapana, na ukiniuliza kesho, hapana.”

Ilikuwa kesho yake, nao walikuwa wamesimama kwenye shamba la Nakijwa, shamba ambalo majirani walilicheka. Tangu ukuta uwe hauvuji, watu wa Kwamrindo walikuwa wameizoea anasa. Walifungulia maji katikati ya mchana, jua la utosi, yakatapakaa kwenye matuta ya tangawizi na nusu yake yakapaa. Nakijwa alikuwa amebaki na mambo ya mama yake. Maji ya kuoshea mboga aliyakinga kwenye beseni, yakaoshea miguu, kisha yakaenda kwenye mpapai. Mitungi aliifukia mpaka shingoni kati ya mistari ya maharage, akaijaza, akaifunika vigae, ikawa inatoa jasho lake taratibu kwenye mizizi. Alimwagilia jioni jua likishapoa. Na ardhi yote aliifunika matandazo, majani makavu na mabua, tabaka nene hata jogoo alichoka kuchakura. Hakufanya hivyo kwa elimu yoyote. Aliikumbuka tu mikono ya mama yake ikifanya hivyo, na kuacha kungekuwa kama kumkosea adabu.

“Ingiza mkono hapo chini,” alisema.

“Nimeshakwambia hapana.”

“Ingiza mkono, shemeji.”

Mrutu aliinama, akapenyeza vidole chini ya matandazo. Vikatoka vyeusi, vimelowa. Akavitazama kwa hasira.

“Zamu yangu ya wiki hii sijaichukua,” Nakijwa alisema. “Wala ya wiki iliyopita sikuimaliza. Ukuta wa zamani ulikuwa unatupotezea kama theluthi hivi. Theluthi hiyo tunaimwaga wenyewe kila mchana.”

“Tangawizi haitaki mitungi. Tangawizi inataka maji.”

“Itaumia. Sikudanganyi. Itaumia, na watu watanichukia.”

“Na sisi tumewakosea nini watu wa Mikongea? Tumewaibia? Tumeziba ndiva yetu wenyewe! Kuna sheria gani inayomlazimisha mtu kuvuja?”

“Hakuna. Lakini tulikuwa tunawanywesha bila kujua, tukaacha bila kujua. Sasa tunajua.”

Mrutu alifuta vidole kwenye suruali. Alifuta kwa muda mrefu, mpaka ikawa wazi hafuti tena udongo.

“Jiwe lile nililokalia asubuhi,” alisema kwa sauti ndogo. “Ndiva ina kipimo chake. Kinatuma vipimo kwenye simu, naweza kuvisoma nikiwa kitandani, nimejifunika. Unadhani magoti haya yananipandisha mlimani kila siku kwa ajili ya nini?”

“Najua.”

“Ni mdogo wangu. Nilimbeba mgongoni. Sina kitu kingine chake, shemeji. Picha hazitoi sauti, na ile ya harusini anaimba vibaya.”

“Najua,” Nakijwa alirudia, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. “Na mimi nitarudi kuwa mjane mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu. Lakini alipouziba ule ukuta, alitaka niache kumcheka. Hakutaka mtu alale na kiu. Nikiuacha hivi, kila asubuhi nitakuwa nasikia kiu ya watu ndani ya mlio wake. Nimeshaanza kuisikia leo.”

Mzee hakusema hapana nyingine. Aliondoka akipitia kwenye matandazo kwa uangalifu, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.

*

Mkutano ulianza asubuhi, ukagombana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mrutu aliwasilisha jambo lenyewe kwa uso wa mtu anayemeza kwinini. Walikubaliana kwa shingo upande: ukuta utasahaulishwa, kila nyumba itaweka matandazo, hakuna kufungulia maji kabla ya jua kupoa, na msaragambo utarudi kama zamani. Wengine hawakukubali kabisa. Mkulima mmoja mkubwa wa tangawizi alitoka nje akibamiza mlango, na mpaka leo akikutana na Nakijwa njiani hutazama upande wa pili.

Siku ya kulisha, kijiji kizima kilipanda. Namnyaki alikuja na wanawake wawili wa Mikongea, wakasimama nyuma kabisa, shuka zao zimekunjwa vizuri mabegani, kama watu waliofika kwenye msiba wa familia wasiyoijua.

Kwanza Nakijwa alifungua maji ya siku ile. Alilegeza upande wa kulia wa midomo. Mbili fupi. Moja ndefu, ikaenda, ikaenda, ikapasuka, fyuu. Kifua hakikumsaliti. Ilikuwa sauti ya Senkondo yenyewe, na Mzee Mrutu, aliyekuwa ameshika upawa wa uji, alifumba macho mpaka ilipokwisha. Mlango ukafunguka, na maji yakateremka.

Kisha wakaanza kumimina. Uji ulipita kwenye ukuta kwa mistari myeupe, na udongo ukaunyonya kwa ile sauti yake ndogo ya kufyonza. Hakuna aliyekohoa. Nakijwa aliweka midomo kwenye pembe, akaifumba pande zote mbili vizuri, bila pengo lolote, na kwa mara ya kwanza mbele ya ukuta ule akapuliza inavyotakiwa.

Pumzi moja, iliyonyooka. Ilipokwisha akavuta nyingine akaiunganisha, na nyingine tena, mpaka akaona nyota. Ukuta ulitetemeka chini ya pembe. Alihisi kitu kikilegea, kwanza kidogo, halafu chote, kama mkono wa mgonjwa unaposinzia mkononi mwako. Mlango ukabomoka ukawa rundo la tope, na wanaume wakakimbilia na mbao na mafungu ya majani kuuziba kwa njia ya zamani, wakigongana, wakipeana amri zisizosikilizwa.

Katika fujo hiyo Nakijwa alijaribu mara moja tu. Alilegeza upande wa kulia, akapuliza mbili fupi na ile ndefu. Ukuta ulikaa kimya, udongo kama udongo wowote. Aliishusha pembe akaketi chini, na Namnyaki akaja akaketi karibu naye.

*

Ilichukua muda. Tangawizi iliumia kweli, na Nakijwa aliambiwa maneno ambayo hata Senkondo hakuwahi kuambiwa. Wiki zilipita bila habari kutoka Mikongea, akaanza kuogopa kwamba ameutupa mlio ule bure. Ndipo siku moja Namnyaki akapiga simu, sauti ikimruka. Mchanga wa chemchemi umekuwa mweusi, alisema. Wamechimba kwa mikono, na shimo limejaa kabla hawajasimama. Mama yake, ambaye sasa haoni vizuri, amepelekwa akatia mguu, amekataa kuutoa.

Msaragambo wa kwanza uliitwa mvua za vuli zilipokaribia. Vijana walikuja na majembe mapya yaliyokuwa bado na karatasi za dukani, hawajui udongo unakandwaje, na wazee waliwacheka kwa raha ambayo hawakuwa nayo siku nyingi. Kipande cha kina Senkondo, pale konani, kilimwangukia Nakijwa. Alifanya kazi yake kwa mwendo wake. Aliziba hapa, akaziba pale, akapumzika chini ya mparachichi. Ufa mmoja wa chini aliutazama, akauacha.

Chini ya kona njia ilikuwa imeanza kung'aa kwa unyevu. Chipukizi la gimbi lilikuwa limejitokeza, jani moja, limejikunja bado.

Mzee Mrutu alikuwa anashuka na koti lake la mvua na ndoo ya udongo kichwani, akiwakaripia vijana wawili kwa wakati mmoja, na hakutazama anapokanyaga. Mguu ukaenda kivyake. Ndoo ikaruka, koti likafunuka, na mwenyekiti wa kamati ya ndiva akaketi kwenye tope kwa kishindo kilichosikika mpaka juu. Akainua uso. Maneno yakamtoka kabla hajayawazia, kutoka mahali alipokuwa ameyaweka tangu ujana.

“Senkondo, ukazibwe wewe!”

Majembe yakasimama. Mrutu mwenyewe akajiziba mdomo kwa mkono wenye tope. Vijana wakatazamana, hawaelewi kwa nini wazee wote wamegeuka kuitazama kona.

Nakijwa aliinuka chini ya mparachichi. Alikuwa anacheka, na alikuwa analia, na hakujua kipi kilianza. Akaweka mikono mdomoni, upande wa kulia umelegea kwa mazoea, akajibu kwa sauti yake yote:

“Kesho nitaziba!”